Ukakasi wa Mtama Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi 1975. Manundu, Korogwe.

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha alasiri, dakika arobaini. Mhariri anataka habari za njaa na mavuno kutoka vijiji vya Handeni mpaka masika yaishe. Nimepanga chumba kwa Mama Yuditha, Mshambaa, nyuma ya mashine ya kusaga. Aliniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia ninaandika gazetini. Akasema sawa, ila nisianike karatasi kwenye kamba yake ya nguo.

6 Machi. Handeni.

Katibu kata, Bwana Sadala, amenipeleka Kwemhangwe, kijiji cha ujamaa cha kaya mia na themanini, maili sita kutoka mjini. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, anatembea haraka na hajibu swali kabla hujalimaliza. Nimempenda kwa hilo.

Ghala limejaa mtama mwekundu mtupu. Miaka miwili iliyopita kwelea kwelea waliumaliza mtama mweupe kwa siku nne, watoto wakipiga madebe mashambani mpaka mikono ikavimba. Ndipo ikaletwa mbegu nyekundu, na ndege hawakuigusa. Sadala alitafuna punje mbele yangu, uso ukamkunjamana. "Wanatua, wanaonja, wanaondoka," alisema. "Kama wewe na chakula cha hoteli ya Handeni."

Kwenye mlango wa ghala kuna tangazo: marufuku kuotesha nafaka ya aina yoyote. Sababu yake ni pombe. Nafaka ikishaoteshwa, ikikauka na kusagwa huwa kimea, na bila kimea hakuna pombe. Mwaka wa njaa hakuna anayeweza kuibishia sheria hiyo. Hata mimi sikuibishia.

7 Machi. Mvua. Barua kwa mhariri.

Jumatatu, 10 Machi. Kwemhangwe.

Leo Sadala alikagua majiko na mimi nikafuatana naye. Kijiji kina nyumba ya watoto ambako wadogo ishirini na watatu hulishwa wakati mama zao wako shamba la pamoja. Mpishi ni Bi Mwantumu, mjane wa miaka sitini na moja. Nyuma ya jiko lake, chini ya gunia lililolowa, Sadala alikuta chungu cha mtama uliochipua. Punje zilikuwa na mabaki ya majivu, rangi ya kijivu kama mgongo wa punda.

Bi Mwantumu hakukana. "Ni kimea cha uji, mwanangu," alisema.

Sadala alimwambia kazini yeye si mwana wa mtu. Chungu kikachukuliwa. Mtama ukaanikwa ofisini juu ya gunia, ili 'ukauzwe mahakamani kama ushahidi,' kama alivyosema mgambo mmoja, na wenzake wakacheka. Bi Mwantumu ameondolewa jikoni. Ataripoti ofisini kila asubuhi mpaka kesi isikilizwe Mahakama ya Mwanzo.

Nimemnukuu Sadala: mpishi amegeuza chakula cha watoto kuwa pombe. Nimeisoma habari kwa simu kutoka posta ya Korogwe saa kumi na nusu. Laini ilikuwa safi, nadra masika.

14 Machi. Imetoka, ukurasa wa tatu: "Chakula cha Watoto Chageuzwa Pombe." Kichwa ni cha mhariri. Maneno ya chini yake ni yangu.

16 Machi. Mvua.

17 Machi. Mvua. Basi la Handeni limekwama Sindeni tangu jana.

19 Machi. Nimekwenda Ngombezi kuandika juu ya kiwanda cha katani. Nilizaliwa katika makambi ya vibarua pale, baba akikata mkonge. Sisi tulikula unga wa mahindi wa posho. Mtama niliuona kwa ndugu tu, na sikumbuki mtu akinieleza jinsi unavyopikwa. Nimeliandika hili kwa sababu tangu juzi kuna kitu kinanisumbua ambacho bado sijakijua.

Jumatatu, 24 Machi. Kwemhangwe.

Siku ya mizani. Mhudumu wa zahanati amepima watoto ishirini na watatu. Tisa wamepungua tangu Februari, kumi na moja wako palepale, watatu wameongezeka. Wanakula mara tatu kwa siku. Mtama wa ghalani haujapungua hata nusu. Nilimuuliza mhudumu inawezekanaje mtoto mwenye chakula apungue. Akasema kina mama wazembe, kisha akatazama kando, maana mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu.

Huyo ni Zuena. Binti yake Tatu ana miezi kumi na tisa, na kilo saba na robo. Zuena alinijua.

"Wewe ndiye uliyemwandika Bi Mwantumu," alisema.

Nikakubali. Hakupandisha sauti. Alinipeleka jikoni, akaniwekea mbele bakuli la uji wa mtama mwekundu na kuniambia nimlishe mtoto. Uji ulisimama kwenye kijiko kama saruji. Tatu alikula vijiko vinne, akachoka, akageuza kichwa. Zuena akauongeza maji mpaka ukatiririka. Tatu akanywa bakuli zima, tumbo likawa ngoma.

"Sasa ameshiba maji," alisema Zuena. "Ukiwa mzito haumezeki, ukiwa mwepesi hauna kitu. Bi Mwantumu alikuwa anatia kijiko cha kimea chake, uji mzito unalainika wenyewe, mtoto anaula wote. Mwandishi, ulikinusa kile chungu?"

Sikukinusa. Kilikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili, nimeripoti mafuriko, mauaji na uchaguzi, na sijawahi kuandika kwamba mtu amelewa bila kumsogelea. Chungu nilikiandika kutoka mdomoni mwa katibu kata.

28 Machi. Tatu, binti wa Zuena, amefariki jana asubuhi kwa kuharisha. Amezikwa adhuhuri. Nimepata habari kwa dereva wa lori.

Jumatano, 2 Aprili. Kwemhangwe.

Nimekwenda kwa Bi Mwantumu. Nilimwamkia, akaniitikia, akaendelea kupepeta kwa robo saa bila kunikaribisha kitako. Sikumlaumu. Kisha akaanza kusema yeye mwenyewe, kama mtu aliyechoka kuongea na ukuta.

Mtama mwekundu ulipoletwa alikuwa amekwisha kuujua. Bibi yake aliupanda pembezoni mwa shamba kwa ajili ya ndege. Unakaza ulimi kama ndizi mbichi, na ukiuotesha hivihivi kimea chake hakifanyi kazi: unatia kijiko, uji unabaki mgumu. Kwa hiyo kwanza unachuja maji ya majivu, unaulowesha mtama humo usiku kucha mpaka ukakasi ufe, ndipo unauosha, unaufunika, unauacha uchipue siku tatu. Unauanika. Unasugua mizizi yote na kuitupa, maana mizizi ina sumu. Unasaga. Kijiko kimoja kwa sufuria. Wanawake wengine walikuwa wanajua kuotesha tu, mambo ya majivu yalikuwa yamewatoka tangu mtama mweupe ulipoenea. Alikuwa ameanza kuwafundisha, tangazo likabandikwa.

"Kimea hicho hicho ndicho cha togwa," alisema. "Mimi nafunga Ramadhani tangu nina miaka tisa. Nimepika togwa ya kila mtoto wa ukoo huu. Leo naitwa mpika pombe, tena kwa maandishi."

Nilimuuliza kwa nini hakumweleza Sadala hayo yote. Akasema alimweleza mara mbili. "Ndege walipoukataa mtama alisema ndege wajinga. Mimi nikajiuliza, kuna nini humo ambacho ndege hataki na mtoto apewe?"

Naweka sawa mambo kama yalivyo. Walileta nafaka inayohitaji dawa. Wakapiga marufuku dawa. Wakamkamata anayeijua. Na gazeti likawapigia makofi.

Jumatatu, 7 Aprili. Korogwe.

Maneno ya Bi Mwantumu yananitosha mimi, hayatamtosha hakimu. Nimempelekea Mwalimu Habakuki, anayefundisha kemia hapa mjini, mfuko wa mtama. Ni mtu mwembamba asiyependa wageni. Aliposikia swali alifunga mlango wa maabara na kunipa bilauri.

"Tema mate," alisema.

Nikatema.

Aligawa uji mwepesi wa wanga katika vikombe vitatu na kutia mate yangu katika vyote. Kikombe cha kwanza hakikuongezwa kitu. Cha pili alitia maji ya mtama mwekundu uliopondwa hivihivi. Cha tatu alitia maji ya mtama ule ule, ila niliokuwa nimeulaza usiku kucha kwenye maji ya majivu na kuuosha. Kila baada ya dakika mbili alichukua tone kutoka kila kikombe na kulichanganya na tone la ayodini juu ya kigae. Wanga ukiwapo, kigae huwa buluu nzito kama wino.

Dakika ya kumi na mbili tone la kwanza halikuwa na buluu tena. La tatu lilifuata dakika ya kumi na nne. La pili lilikuwa wino. Tukangoja nusu saa. Wino.

Nilimtaka anieleze kwa maneno ninayoweza kuyachapa. Alisema wanga ni sukari iliyotungwa kama shanga, maelfu kwa uzi mmoja, na mwili hauwezi kuutumia ushanga ambao haujatoka kwenye uzi. Katika mate mna kitu kinachokata kiungo kati ya shanga na shanga, kinaitwa kimeng'enya. Nafaka inapochipua hutengeneza mkataji wa namna hiyo hiyo ili mche upate kula. Ndiyo maana kijiko cha kimea hulainisha sufuria nzima: nyuzi ndefu zilizoushika uji zinakatwa vipande.

"Na ukakasi?"

"Ukakasi unamganda mkataji. Hauuharibu wanga, hauugusi hata kidogo. Unamng'ang'ania yule anayekata, umbo lake linaharibika, kiungo hakiingii tena mdomoni mwake. Mkasi upo mezani lakini hauwezi kufunguka. Ulimi wako unapokazwa na ndizi mbichi ni jambo hilo hilo, ukakasi umeyashika mate yako."

"Majivu?"

"Majivu yanaufunga ukakasi ndani ya ganda kabla mkasi haujatengenezwa. Huyo mama amesoma wapi?"

Nikamwambia kwa bibi yake. Habakuki akaandika kitu kwenye daftari. Akaongeza kwamba hawezi kuapa ni kiasi gani cha madhara hutokea tumboni, kwa sababu tumbo si kikombe. Lakini kuhusu sufuria ataapa. Nilipenda kwamba aliuweka mpaka huo bila kuombwa.

9 Aprili. Nimesoma masahihisho kwa simu, maneno mia tatu na ishirini, jina la Tatu likiwamo. Mhariri alisikiliza mpaka mwisho. Akasema si wakati wake, kesi iko mahakamani. Nikamkumbusha kwamba tarehe 14 Machi pia ilikuwa mahakamani. Akasema laini inakatika. Haikuwa inakatika.

12 Aprili. Mvua.

13 Aprili. Mvua. Mama Yuditha amenilaumu kwa kupiga meza. Sikujua kwamba napiga.

Jumanne, 15 Aprili. Handeni.

Nimekutana na Sadala ofisini kwake. Chungu cha Bi Mwantumu kiko juu ya kabati na karatasi imebandikwa: Kielelezo 1. Kimea kilichokaushwa kiko ndani ya mfuko: Kielelezo 2. Kielelezo 3 ni kipande cha gazeti, habari yangu.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema jambo ambalo lazima niliandike kwa haki: kwamba mwaka jana, katika kijiji cha jirani, theluthi ya nafaka ya njaa iliishia mapipani, na waliozikwa walikuwa wazee. Akifungua mlango kwa kijiko cha kimea, kesho ni debe. "Wewe utaandika habari utarudi Korogwe," alisema. "Mimi nitabaki na ghala tupu na watu."

Nikamwambia Tatu amekufa ghala likiwa limejaa. Akasema watoto huharisha kila masika.

Ni kweli, huharisha kila masika. Sina uthibitisho kwamba uji ndio uliomuua, na sitaandika hivyo. Nina uthibitisho kwamba alikuwa na kilo saba na robo, na kwamba kitu ambacho kingemwezesha kumaliza bakuli kilikuwa juu ya kabati hili, kimebandikwa namba.

Nilimwomba walau aruhusu nyumba ya watoto peke yake, kijiko kwa kijiko. Akasema atafikiria baada ya hukumu. Anafikiria kwa kalenda, watoto wanapimwa kwa kilo.

21 Aprili. Mizani tena. Waliopungua sasa ni kumi na wawili kati ya ishirini na wawili.

Jumanne, 29 Aprili. Handeni, Mahakama ya Mwanzo.

Mvua ilikoma saa mbili. Ukumbi ulijaa. Hakimu ni mtu wa makamo kutoka nje ya wilaya, na kulia na kushoto kwake walikaa wazee wawili wa baraza. Bi Mwantumu alisimama mwenyewe, bila kiti, kanga moja kichwani na moja begani. Shitaka: kuandaa kilevi kwa nafaka ya umma. Akipatikana na hatia ni miezi sita.

Sadala alitoa ushahidi kwa ufupi na vizuri. Alionyesha chungu, kimea, na gazeti. Hakimu akalisoma gazeti kwa sauti, sentensi zangu zote. Zilisikika safi. Sentensi mbovu ingenisaidia zaidi leo.

Niliomba kusema. Nikaapa. Nikasema mwandishi wa maneno yale ni mimi, sikuona pombe, sikunusa pombe, niliandika nilichoambiwa na shahidi wa kwanza, kwa hiyo kielelezo cha tatu si ushahidi wa pili ila ni ule wa kwanza uliovaa suruali nyingine. Watu walicheka. Hakimu hakucheka, lakini alilirudisha gazeti mezani likiwa limegeuzwa kifudifudi.

Kisha akaja Habakuki na jiko la mkaa. Hakimu aliuliza kama hii ni mahakama au mgahawa. Mzee mmoja wa baraza, wa upande wa kushoto, akasema baba hakimu, tuone tu. Sufuria mbili za uji mzito wa mtama mwekundu zilipikwa uani, zikapozwa mpaka mtu aweze kuvumilia kidole. Habakuki alikuwa ameotesha mtama nyumbani bila majivu, akausaga. Kijiko cha kimea hicho kilikwenda sufuria ya kwanza. Kijiko cha Kielelezo 2, kilichosagwa pale pale mbele ya karani, kilikwenda sufuria ya pili. Karani akashika saa.

Dakika tatu, hakuna kitu. Sadala alitabasamu. Dakika ya tano Bi Mwantumu aliinua mwiko wa sufuria ya pili na uji ukaanguka kwa uzi. Dakika ya nane ulimiminika kama maziwa. Mwiko wa sufuria ya kwanza ulikuwa umesimama wima peke yake, hakuna aliyeushika.

Mzee wa baraza aliomba kikombe. Akanywa. Akanywa tena, hakimu akamkumbusha kwamba ni ushahidi.

"Utamu wake ni wa togwa," alisema mzee. "Kilevi hamna. Hiki ni chakula cha mtoto aliyeachishwa ziwa."

Hakimu akampa Bi Mwantumu nafasi ya kumuuliza shahidi wa kwanza maswali. Alikuwa na moja.

"Sadala mwanangu, mama yako marehemu alikuachisha ziwa mwaka wa nzige. Aliyekuwa akimletea kimea ni nani?"

Mahakama nzima ilijua jibu, ila mimi na hakimu. Sadala alisema, kwa sauti ndogo lakini alisema: "Wewe, mama."

Bi Mwantumu ameachiwa huru saa saba na dakika kumi. Hakimu ameelekeza kijiji kiruhusu kimea kwa nyumba ya watoto.

2 Mei. Nimetuma habari ya hukumu. Safari hii mhariri amekubali.

Jumanne, 6 Mei. Imetoka. Ukurasa wa tano: "Katibu Kata Aongoza Kampeni ya Uji Bora." Wameweka vikombe vitatu vya Habakuki, bila Habakuki. Bi Mwantumu amekuwa "akina mama wa kijiji." Habari yetu ya Machi haikutajwa. Tatu hayumo. Nimepiga simu. Nimeambiwa nafasi ilikuwa finyu. Juu ya habari hiyo kuna tangazo la baiskeli, nusu ukurasa.

Nimeandika barua ya kurasa mbili kwa mhariri. Nimeisoma tena, nimeondoa neno moja tu la matusi, nimeipeleka.

9 Mei. Hakuna jibu.

Jumatatu, 12 Mei. Kwemhangwe.

Ofisi ya kata ilisema chungu kitarudishwa likipatikana gari. Gari halijapatikana kwa wiki mbili, na bila chungu kile Bi Mwantumu anaotesha kwenye karai lililotoboka. Asubuhi nilitia sahihi, nikakichukua, nikakipakata kwenye basi na kutembea maili mbili za mwisho kwa matope. Kondakta aliuliza ni cha nani. Nikamwambia ni Kielelezo 1.

Nilimpa Bi Mwantumu kwa mikono miwili, nikamwomba radhi kwa habari ya Machi. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaona hakina ufa. Akabandua karatasi ya namba na kuitia jikoni. Kuhusu radhi alisema, "Nimesikia." Sijui kama ni kukubali.

Zuena sasa anafanya kazi pale kama msaidizi wake. Alimimina mtama na maji ya majivu mle chunguni huku akihesabu vikombe kwa midomo. Watoto wa kwanza wameanza kula kimea tangu Alhamisi, mizani ni wiki ijayo. Aliniuliza kama gazeti lilimtaja Tatu. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nililiandika jina. Nikasema niliandika mara mbili, likaondolewa mara mbili.

Kisha akainua chungu, akakileta mpaka chini ya uso wangu, akakishikilia hapo.

"Leo nusa kwanza," alisema.

Nikanusa. Majivu, udongo mbichi, mtama uliolowa. Hakuna kingine.